Dozi ya Pili Baada ya Maharage

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa mabati, mikono yangu inatafuta barafu. Natoka kitandani, naenda jikoni, nafungua friji, nakuta mboga ya sombe ya jana na chupa ya maji. Naifunga. Baada ya muda mfupi naifungua tena. Tangu nistaafu, binti yangu amechoka kunitazama. "Mama, ikala chini basi," ananiambia. "Retraite ni ya kupumuzika." Nimejaribu kupumzika, nimepumzika mpaka kiuno kinauma. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili yenu mlioachiwa sanduku la chanjo, na hasa wewe Innocent, uliyekuwa ukinicheka kwamba sijui kiti kinatumika kwa kazi gani.

Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo sitayaandika. Hadithi yake ni fupi na haichekeshi.

Nilifika Goma kutoka Butembo nikiwa na diploma ya uuguzi na viatu vyeupe. Viatu vilidumu wiki chache, kwa sababu mawe ya volkano ya mji huu hayana heshima kwa kitu cheupe. Siku ya kwanza kituoni nilikabidhiwa kwa mchanjaji mzee, Papa Kambale, mtu wa kwetu kabisa, ambaye badala ya kunisalimia kwa Kinande alinitia kipande cha barafu mikononi na kusema, "Shika." Nikashika. Vidole vikaanza kuuma, nikamwuliza nishike mpaka lini.

"Mupaka ilie," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa ananifundisha. Kile kilikuwa kifuko cha plastiki kilichojaa maji yaliyoganda. Ukikitoa kwenye friji na kukitia moja kwa moja ndani ya sanduku, kinagandisha chanjo nyingine na kuziua, na hakuna atakayejua mpaka watoto waugue. Unakiacha mezani kitoke jasho, kisha unakitikisa karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, kimelia, tayari. Ninyi mna vipimajoto vizuri sana, navikubali. Lakini tikiseni hata hivyo.

Papa Kambale alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wote waliopita pale. Chanjo ya surua huja kama unga ndani ya kichupa, na kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Ukishachanganya unga na maji yake, una saa sita tu, halafu kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo vituo vingi vilikuwa vinasubiri. Mama akifika na mtoto mmoja aliyefikisha miezi tisa anaambiwa arudi siku ya kliniki, watoto wakiwa wengi. Mama anarudi nyumbani, mvua inanyesha, shamba linamwita, mume anahama, na mtoto yule hamwoni tena mtu yeyote mwenye sindano. Papa Kambale alifungua kichupa kwa mtoto mmoja, akamchanja, kisha akachukua sanduku, akatoka kwenda kuwatafuta wengine tisa mtaani.

Siku zangu za mwanzo nilimwuliza kwa nini asisubiri kama wengine. "Unangojea nini?" akaniuliza. "Batoto kumi bataanguka toka mbinguni?" Akaniwekea sanduku begani, tukatoka. Petroli ikikosekana tuliweka sanduku juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya viazi na makaa, na mwenye chukudu akapiga kelele mteremko mzima kwamba amebeba wazungu wadogo wa baridi. Alikuwa na maana ya chanjo. Nilicheka mpaka nikasahau miguu.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi hii. Watu wanadhani kazi yetu ni sindano, kumbe ni wakati. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu inapigana na chanjo. Ukichanja mapema mno, dawa haishiki vizuri. Ukichelewa mno, surua inakutangulia. Dozi ya kwanza miezi tisa, na siku hizi tuna ya pili miezi kumi na mitano, kwa sababu kuna watoto ambao ya kwanza haikuwashika. Kati ya dozi hizo mbili kuna vita, mvua, ndoa zinazovunjika na safari za malori.

Wazazi wenye pesa wamekuwa wakiniuliza pia kuhusu chanjo ya tetekuwanga, ambayo nchi nyingine huwapa watoto mara mbili. Wamesikia kutoka kwa ndugu walio mbali. Jibu langu ni kwamba sikuwahi kuishika mkononi, kwetu haimo kwenye kalenda, na tetekuwanga bado tunaipokea nyumbani na kuipaka dawa ya maji yenye rangi ya waridi. Lakini sheria ya msingi ndiyo ileile: ya kwanza ina wakati wake, ya pili ina wakati wake, na ya pili haiji mtoto akiwa amesahauliwa.

Sasa nifike kwa Gloire, maana ndiye aliyenianzisha kufungua friji kila asubuhi.

Mama yake alitoka Rutshuru wakati wa kukimbia. Alijifungua njiani, ndani ya shule, na alipofika kambini pembeni ya mji alikuwa na kitenge kimoja, sufuria na mtoto. Niliwakuta chini ya shitingi nyeupe, yale maturubai ya wakimbizi, wakati surua ilipokuwa imeingia kambini na kila safu ya mahema ilikuwa na mtoto anayekohoa, macho mekundu. Katika hali kama hiyo tunashuka mpaka miezi sita. Gloire alikuwa ametimiza sita.

"Mama Muganga, huyu amekwisha kupata," mama yake akaniambia, akakivuta kidole kidogo cha mtoto na kunionyesha. Ukucha ulikuwa na rangi ya zambarau. "Angalia kidole."

Hilo, wenzangu, mtakutana nalo mpaka mtakapostaafu. Timu za polio hupita nyumba kwa nyumba na matone, na mtoto akishameza wanampaka rangi kidoleni ili asirudiwe. Rangi inakaa siku nyingi. Mama anaiona kila akimwogesha mtoto, na moyo wake unatulia kwa magonjwa yote ya dunia. Nimewahi kumkuta bibi anayepaka wajukuu wake wino wa shule ili tusimsumbue.

"Ile rangi ni ya matone ya mudomo," nikamwambia. "Surua ni ingine."

Akakubali. Nilipomaliza nikamwambia kwamba dozi hii ni ya haraka, haiingii kwenye hesabu, na mtoto akifikisha miezi tisa lazima adungwe tena.

Akanitazama kwa hasira ya mtu ambaye mtoto wake bado analia. "Kama haina hesabu, munamudunga ya nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wakaguzi. Nikamwuliza kwao walilima nini. Maharage, akasema. Nikamwambia: ukipanda udongo ungali mkavu kwa sababu njaa iko mlangoni, machache yataota, na hayo machache yanaweza kukuokoa. Lakini mvua ikija utapanda tena, hutasema shamba limekwisha. "Njo vile," akasema. "Tutapanda tena."

Miezi tisa ya Gloire ilitimia wakati wa masasi mjini, risasi kila mtaa. Nyote mnakumbuka siku zile, sina haja ya kuzieleza. Tulilala chini, tulichota maji ya ziwa, na friji ya kituo iliishi kwa sola na sala. Tulipofungua tena mlango, vilikuwa vimebaki vichupa viwili vya surua, ndege hazitui, na hakuna aliyejua vingine vitafika lini. Kambi nazo zilikuwa zinavunjwa. Watu walikunja shitingi wakaambiwa warudi kwao.

Asubuhi moja, siku isiyokuwa ya kliniki, mama Gloire akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Nilikuya, nikakuta mumefunga," akasema. "Kesho asubuyi camion inatupeleka Rutshuru. Ulisema nipande tena."

Innocent alinivuta pembeni, karibu na friji. Nakuandika kama ulivyokuwa, usinikasirikie. "Mama Masika, ni mutoto moja," alisema kwa sauti ya chini. "Tukifungua tunapoteza tisa. Siku ya ine, siku ya kliniki, batakuya wengi, tutabapa nini?"

"Siku ya ine huyu atakuwa Rutshuru."

"Kule pia kuko centre de santé."

"Iko na chanjo?"

Hakujua, na mimi sikujua. Innocent hakuwa amekosea. Vichupa viwili ni watoto ishirini, na kumpa mmoja unachowanyima tisa ni hesabu mbaya popote utakapoipeleka. Nilisimama pale, nimeshika mlango wa friji ukiwa wazi, mpaka kengele yake ikaanza kulia. Nilikuwa na hofu, nasema wazi. Upande mmoja alikuwepo mtoto ambaye dozi yake pekee ilikuwa ya udongo mkavu, anarudi mahali palipokuwa na surua. Upande wa pili walikuwa watoto ambao sikuwaona bado, lakini ambao wangekuja na mama zao siku ya ine, Alhamisi, wamevaa vizuri.

Nikakitoa kichupa kimoja. Nikavuta maji yake, baridi kama inavyotakiwa, nikaingiza, nikazungusha taratibu mpaka unga ukayeyuka. Nikamchanja Gloire mkono wa kushoto. Alilia kwa nguvu ya mtoto anayekula vizuri, nikafurahi. Kisha nikatia kichupa kwenye sanduku, nikavaa kamba begani, nikamwambia Innocent abaki na kituo.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Kutafuta tisa."

Nilipofika barabarani nikasikia malapa nyuma yangu. Mama Gloire alikuwa ananifuata. Nikamwambia akapange mizigo yake. "Mizigo ni sufuria moja," akasema. Tukashuka pamoja kuelekea Kituku, kando ya ziwa.

Mlango wa kwanza tulionyeshwa kidole. Wa pili kidole. Wa tatu mama alituonyesha vidole vya watoto wote kwa mpigo, hata cha mkubwa anayesoma. Nilianza maelezo yangu ya kila siku, na mama Gloire akanikatiza, akaongea Kinyarwanda haraka haraka, akashika kidole cha mtoto wake na kukigonga, akashika mkono uliodungwa na kuuonyesha. Sikushika kila neno, lakini nilisikia akijicheka mwenyewe. Yule mama akacheka pia, akamleta mdogo. Miezi kumi na mmoja, hajawahi kudungwa surua.

Kwenye soko la samaki wanawake walikuwa wanapima sambaza, dagaa wa ziwa. Kliniki? Siku hiyo? Mitumbwi ndiyo imefika, nani ataacha beseni lake? Basi kliniki ikahamia kwenye mabeseni. Niliwachanja watoto wamekaa mapajani mwa mama zao, magamba ya samaki yakiwa mikononi mwao wote, na kila mmoja nilimwuliza alizaliwa wakati gani: kabla ya shule kufungwa au baada, kabla ya maji kukatika au baada. Wawili niliwarudisha kwa sababu walikuwa bado wadogo, nikawaambia mama zao warudi lini. Mama mmoja alikataa kabisa, akaniita mwizi wa damu, na sikuwa na muda wa kubishana naye. Nilikuwa naangalia jua kila dakika. Kwa kweli sijui siku nyingine niliyotembea kwa wasiwasi kama huo. Nilikuwa nasikia kichupa kinazeeka begani.

Muda ulipokwisha zilikuwa zimebaki dozi mbili. Nilizitupa, kama sheria inavyosema, na ziliniuma. Miaka yote hii bado zinaniuma, zinazotupwa. Anayewaambia kwamba mtazoea, msimwamini.

Tukapanda tena kwenda kituoni, mimi na mama Gloire, miguu imejaa vumbi jeusi. Nilimwandikia kadi, lakini alikuwa ameshapoteza kadi ya ujauzito chini ya godoro aliloliacha kwao, na kusoma hakujifunza. Kwa hiyo nilimpa miadi kwa njia tuliyowapa mama wa mashambani tangu zamani.

"Ukifika utapanda?" nikamwuliza.

"Kama shamba iko, nitapanda."

Nikahesabu kichwani kutoka kupanda mpaka kuvuna. "Ukishavuna maharage, ukayapura, ukayaanika, mutoto atakuwa wa dozi ya pili. Nenda centre yenye iko karibu. Kama haina chanjo, kuya kwangu." Nikamwelekeza nyumba, maana nilijua wakati huo nitakuwa nimeshapewa keki na maneno matamu ya kuniaga kazini.

Keki nilipewa. Nashukuru, ingawa ilikuwa kavu. Funguo za friji nikamwachia Innocent, nikaenda nyumbani kukaa.

Mvua ya msimu ule ilichelewa.

Mara ya kwanza nilisikia kwa dereva wa basi dogo la Rutshuru: watu wamepanda na kungoja, wamepanda na kungoja. Sikuwa nimempa mama yule mwezi wala tarehe, nilimpa maharage, na maharage hayakuwa na haraka. Miezi ya Gloire ilikuwa inakwenda mwendo uleule. Halafu dereva huyohuyo akaongeza, bila kuulizwa, kwamba huko juu kuna watoto wanaumwa surua.

Tangu siku hiyo nilikuwa sokoni kila asubuhi. Najua mnacheka. Niliwaendea wanawake wanaouza maharage ya Rutshuru, nikachukua punje, nikaziuma.

"Ni mapya?"

"Ya zamani, mama. Mapya bado."

Nikaona aibu kuondoka mikono mitupu, nikanunua kidogo. Kesho yake tena. Binti yangu alifungua kabati akakuta maharage ya zamani yamejaa mpaka juu, akaniuliza kama vita inarudi. Niliingia jikoni, nikatoka, nikafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Nilijiambia kwamba dozi ikichelewa hatuanzi upya, tunaendelea pale tulipoishia, na hilo ni kweli, liwekeni kichwani. Lakini surua haingoji mtu aendelee pale alipoishia. Mwezi wa kumi na tano ukatimia, na sokoni bado wananiambia, mapya bado.

Juma lililopita, nikiwa natwanga pilipili ambayo hakuna aliyeihitaji, mtu alibisha mlangoni. Nikafungua. Mama Gloire alikuwa amesimama pale, kitenge kimejaa vumbi la barabara, na pembeni yake mtoto amesimama kwa miguu yake mwenyewe, ameshika ukingo wa mlango wangu kama amekuja kuukagua. Hakuwa na fuko. Hakuwa na hata punje moja.

Nilimkumbatia kabla sijamsalimia. Kisha nikasema kitu cha kijinga, ndicho kilichokuwa kinywani. "Maharage bado."

"Maharage imechelewa, Mama Muganga," akasema. "Mutoto hakuchelewa. Niliona anaanza kukimbia, nikasema huyu hawezi kungojea shamba."

Kituo cha kwao hakikuwa na chanjo. Nauli ilikuwa ya kuku wawili. Aliyasema yote haya akiwa anavua malapa, kana kwamba ametoka mtaa wa jirani.

Sikumwacha avue. Tukapanda pikipiki, watatu na dereva, moja kwa moja hadi kituoni. Haikuwa siku ya kliniki. Benchi lilikuwa tupu, hakuna mtoto mwingine hata mmoja, na Innocent alikuwa peke yake anaandika. Akamtazama Gloire, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilikuwa nayaandaa njia nzima, kwenye upepo, na mengine hayakuwa ya adabu.

Sikuyatumia hata moja. Innocent, ulisimama, ukafungua friji, ukatoa kichupa. Ulitikisa barafu karibu na sikio lako, ukasikiliza. Ukamchanja, akalia, ukamfuta machozi kwa kidole gumba. Kisha ukatia kichupa kwenye sanduku, ukavaa kamba begani, ukatoka mlangoni bila kuniambia unakwenda wapi. Mama Gloire akamfunga mtoto mgongoni, akakufuata.

Mimi niliwatazama mpaka mlipokata kona ya kuelekea Kituku. Benchi lilikuwa pale, tupu. Nikakaa.